Kutoka Silinda ya Nta hadi Kompyuta ya Kiganjani: Historia ya Kurekodi Sauti Hai katika Nchi ya Enanga



1.0 Utangulizi

Mada yangu ya leo inahusu vyombo, lakini sikuja kuvisifu. Nakusudia kuonesha kwamba vyombo vya kurekodia sauti, tangu silinda ya nta hadi kompyuta ndogo ya kiganjani, vimechangia sana kuamua tunachokijua, au tunachodhani tunakijua, kuhusu fasihi simulizi ya Afrika Mashariki. Mfano wangu mkuu unatoka Kagera, katika nchi ya Wahaya, ambako manju hughani habari za mashujaa huku akipiga enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwa ubao mfano wa sinia refu. Jina la ala ndilo pia jina la utungo unaoghaniwa.

Pengine msikilizaji atauliza: enanga ya Kihaya inahusianaje na taaluma za Kiswahili? Jibu ni kwamba nadharia ya fasihi simulizi tunayoifundisha kwa Kiswahili haikujengwa kwa data za Kiswahili peke yake. Katika makala yake ya mwaka 1989 iliyotoka katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alifafanua fasihi simulizi kuwa ni tukio, lenye fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Ufafanuzi huo unasomwa leo na wanafunzi wengi wa Kiswahili, nao umetoka kwa mtafiti aliyeisikiliza enanga kwa makini.

2.0 Zama za kalamu na nta

Wageni wa kwanza walioandika habari za Wahaya walitumia kalamu. Hermann Rehse, ofisa wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1910 kitabu kikubwa kuhusu Kiziba. Katika kazi ya namna hiyo msimulizi hulazimika kusema polepole, kukatizwa na kurudia, ili mwandishi amfuate. Kinachobaki ukurasani ni maneno. Mlio wa uzi, pumzi ya msemaji na kicheko cha wasikilizaji havimo.

Wakati huohuo fonografu ilikuwa imekwisha kuingia Afrika Mashariki. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoasisiwa na Carl Stumpf mwaka 1900, iliwahimiza wasafiri kurekodi kwa silinda za nta. Karl Weule alikwenda na fonografu kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906. Mwaka uliofuata msafara wa Duke wa Mecklenburg ulianzia safari yake ya bara mjini Bukoba, na mmoja wa wataalamu wake, Jan Czekanowski, alirekodi nyimbo za Rwanda. Silinda moja ilichukua dakika 2 hadi 4 tu. Hata santuri, zilizoivumisha sauti ya Siti binti Saad baada ya kurekodiwa Bombay mwaka 1928, zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande. Wimbo mfupi ulienea humo, utendi haukuenea.

Naomba tuikumbuke hesabu hiyo ya dakika tatu, kwa sababu tutakutana nayo tena.

3.0 Utepe na mjadala wa tendi

Utepe wa sumaku ulibadili mambo. Hugh Tracey, ambaye mwaka 1954 aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, alizuru Tanganyika mwaka 1950 na kurekodi, pamoja na mengine, enanga ya Wahaya. Baadaye Peter Seitel alirekodi ngano za Kihaya, na katika kitabu chake cha mwaka 1980 alipanga mistari kwa kufuata vituo vya sauti ya msimulizi. Mpangilio wa namna hiyo hauwezekani bila sauti inayoweza kurudiwa mara nyingi.

Ni katika zama hizi ulipopamba moto mjadala ambao wanafunzi wetu bado wanaulizwa katika mitihani. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwa tendi simulizi za kweli katika Afrika kusini ya Sahara. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikuwa wamechapisha utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo ya mashariki. Utendi huo ulipatikana mwaka 1956 kwa manju Rureke kuutoa kwa siku 12, huku waandishi wakimfuata kwa mkono. Ilikuwa kazi kubwa, lakini mwenye shaka angeweza kuuliza: je, utungo mrefu kiasi hicho ulikuwapo, au uliumbwa na subira ya waandishi?

Swali hilo lilihitaji ushahidi wa sauti hai. Katika makala ya mwaka 1983, Mulokozi aliuliza iwapo manju wa enanga ni wasanii wa tendi, na akajibu kwamba ndiyo. Aliendeleza hoja hiyo katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 na katika kitabu cha mwaka 2002. Utepe humwezesha mtafiti kumsikia manju akighani, akiimba na kupiga nyuzi kwa pamoja bila kukatizwa, na kulinganisha utendaji mmoja na mwingine wa utungo uleule. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba manju hatoi matini aliyoikariri neno kwa neno. Hutunga anapotenda, akiitazama hadhira yake.

4.0 Kompyuta ya kiganjani na kurudi kwa dakika tatu

Mwanzoni mwa karne hii zilienea kompyuta za kiganjani zenye maikrofoni ndani yake. Chukueni mfano wa Compaq iPAQ ya mwaka 2000, iliyokuwa na kumbukumbu ya MB 32. Sauti ya kiwango cha diski, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, njia mbili, hula baiti 176,400 kila sekunde. Gawanyeni wenyewe: MB 32 zinakwisha kwa dakika tatu hivi. Miaka mia moja baada ya nta, mtafiti alirudishwa palepale.

Njia ya kuponea ilikuwa kupunguza kiwango. Kwa sampuli 8,000, njia moja, nafasi ileile ilitosha takribani nusu saa. Na kwa mbano wa GSM uliotumika katika simu, zaidi ya saa 5. Lakini nafuu hiyo ilikuwa na gharama. Kanuni inayohusishwa na Nyquist na Shannon inasema kwamba sampuli 8,000 haziwezi kubeba mawimbi yanayozidi Hz 4,000. Kwa mwanaisimu, matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Toni ya Kihaya, ambayo Byarushengo, Duranti na Hyman waliifanya ijulikane duniani kwa kitabu chao cha mwaka 1977, husalimika, kwa kuwa kidatu cha sauti ya mtu kipo chini sana ya kikomo hicho. Kinachoumia ni vikwamizi kama [s] na [f], ambavyo huanza kufanana, pamoja na mng'ao wa nyuzi za enanga. Kwa hiyo rekodi inayomfaa mchunguzi wa toni inaweza isimfae kabisa mchunguzi wa fonetiki au wa muziki.

Kulikuwa na hatari kubwa zaidi. Hadi mwaka 2005, mfumo ulioendesha nyingi ya kompyuta hizo ulipoboreshwa, data zilikaa katika kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote. Betri ikiisha kabisa, kila kitu kilifutika. Nta hupasuka na utepe huota ukungu, lakini aghalabu huacha mabaki yanayoweza kuokolewa. Hapa hapakubaki kitu.

5.0 Sauti ni ya nani?

Leo kazi ya kompyuta hizo imechukuliwa na simu. Katika sherehe mjini Bukoba, iwe Nshambya au Kashai, anayerekodi si lazima awe mtafiti kutoka mbali. Ni mpwa wa bwana harusi. Hili ni jambo jema. Sauti zilizohifadhiwa Berlin, au Makhanda ilipo maktaba ya Tracey, zilikaa mbali na wenyewe kwa miongo mingi. Sasa mrekodi na mrekodiwa wanaweza kuwa wa kijiji kimoja.

Hata hivyo, chombo kinachoenea mfukoni kinaweza pia kurekodi kwa siri, na manju asiyejua kwamba anarekodiwa hakupewa nafasi ya kukataa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa-jadi, lakini sheria haitoshi pasipo adabu ya mtafiti. Isitoshe, rekodi isiyo na jina la manju, mahali, tarehe na maelezo ya hadhira imepoteza sehemu kubwa ya lile tukio tunalolifundisha darasani. Tracey aliandika kadi kwa kila rekodi. Simu huandika tarehe na saa, basi.

6.0 Hitimisho

Wanafunzi wanaojiandaa kwenda uwandani wasikilize mambo manne. Ombeni idhini kabla ya kuwasha chombo. Rekodini bila mbano, kwa sampuli zisizopungua 44,100, maana kilichobanwa hakirudi. Tamkeni mwanzoni mwa rekodi jina la fanani, kama amekubali litajwe, pamoja na mahali na tarehe. Kisha wekeni nakala sehemu tatu, moja ikiwa kwa fanani mwenyewe au jamaa zake.

Kihaya kimepata kamusi nzuri ya Henry Muzale, iliyochapishwa mwaka 2006. Kamusi huhifadhi maneno. Namna manju anavyonyamaza kidogo kabla ya kumtaja shujaa, na namna hadhira inavyomjibu, huhifadhiwa na rekodi tu, nazo zinategemea uangalifu wa vijana waliomo ukumbini humu.