Jedwali lenye jedwali tumboni

Juni 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala iliyozaa hifadhidata za majedwali tunazozitumia hadi leo. Humo mna mfano ambao wengi huupita mbio. Mfanyakazi ana namba, jina na tarehe ya kuzaliwa. Ana pia orodha ya watoto na historia ya kazi, na kila kazi ina historia yake ya mishahara. Jedwali lina jedwali tumboni, na hilo nalo lina mimba.

Codd aliuleta mfano huo ili auvunje. Aliyatoa majedwali ya ndani, akayabandika namba ya mfanyakazi yasije yakapotea kwao, akabaki na majedwali manne bapa. Kila chumba cha jedwali kibebe thamani moja tu: ndilo umbo sanifu la kwanza. Jedwali bapa ni rahisi kulihifadhi na kuliuliza maswali. Maumbo yaliyofuata kwa namba yalijengwa juu ya sharti hilo.

Mwaka 1977 Ronald Fagin, naye wa IBM, akaleta umbo sanifu la nne. Mfanyakazi mwenye watoto watatu na lugha mbili, akiandikwa katika jedwali bapa moja, hula mistari sita, kana kwamba kila mtoto amefungwa na kila lugha. Fagin alisema: tenganisha. Mwaka huohuo, katika mkutano wa Tokyo, Mjapani Akifumi Makinouchi alihoji sharti lenyewe: kwa nini chumba kisibebe orodha nzima? Watoto wakae chumba chao, lugha chao, na mstari ubaki mmoja.

Kwangu mimi, swali hilo lina uzito zaidi kuliko maumbo mengi yaliyopewa namba.

Mwaka 1982 Jaeschke na Schek, wa IBM ya Heidelberg, Ujerumani, waliandika aljebra ya kukunja majedwali, yaani kukusanya mistari iwe orodha ndani ya chumba, na kuyakunjua tena. Ina mtego wake: ukikunja kisha ukakunjua, unarudi ulikotoka; lakini ukianza kwa kukunjua kisha ukakunja, huenda usirudi.

Ilibaki kujua kipi kikae ndani ya kipi. Mwaka 1987 Özsoyoğlu na Yuan walitoa umbo sanifu la majedwali ya namna hii. Roth na Korth wakatoa lao mwaka huohuo. Chukua mwalimu, ndani yake masomo, ndani ya somo vitabu. Ikiwa vitabu huamuliwa na somo, walimu watatu wa hesabu watabeba orodha ileile mara tatu. Vitabu vilipaswa kukaa chini ya somo, katika jedwali la masomo lililo nje ya mwalimu. Mok, Ng na Embley walirudi kwenye suala hili la urudufu mwaka 1996, wakaainisha kwa usahihi zaidi urudufu huo unapoanzia.

Hifadhidata ya MongoDB ilipotoka mwaka 2009, kukunja data ndani ya data kukawa kazi ya kila siku. Lakini nadharia haikusafiri nayo. Waundaji programu wengi huweka namba ya simu ya msambazaji ndani ya kila bidhaa, na siku msambazaji anapobadilisha laini, mtu hukesha akizisaka bidhaa moja moja.