Nyota, reli na hela ya ada

Leo historia kidogo, maana hapa chuo wengi wanaona kutuma hela kwa kubonyeza nyota na reli ni ushamba. Eti kila huduma iwe na programu yake kwenye simu janja.

Turudi nyuma. Machi 2007 Safaricom ya Kenya ilizindua M-Pesa. Mwaka huohuo Apple nao wakatoa iPhone. Waliojenga M-Pesa hawakusubiri simu za namna hiyo ziwafikie watu. Waliweka menyu ndani ya laini yenyewe, maagizo yakasafiri kama meseji. Vodacom walipoileta Tanzania 2008 wakatumia njia nyingine iliyokuwemo tayari kwenye mtandao, ndo hii *150*00# tunayoijua. Hakuna cha kupakua, hakuna bando. Kitochi chochote kinaweza.

Mimi ni mtu wa Karatu, najua maana yake. Mkulima wa vitunguu kule Mang'ola, au mzee wa Endulen ndani ya Ngorongoro aliyetoka kuuza mbuzi, anashika kitochi kinachokaa na chaji siku kadhaa. Kwa hicho hicho anamtumia mwanae ada. Zamani hela ilitiwa kwenye bahasha, akapewa kondakta wa basi, halafu unamwomba Mungu ifike.

Lakini tusidanganyane: ukijenga kwenye kiwanja cha mtu, geti ni lake. Benki ikitaka kupita njia hiyo, lazima ikubaliane na mwenye mtandao. Ndo maana Equity Bank ya Kenya ikaja na laini nyembamba inayobandikwa juu ya laini yako ya zamani. Mwaka 2014 Safaricom wakapinga, wakisema si salama. Mamlaka ya mawasiliano ikaruhusu, na 2015 Equitel ikazinduliwa. Kwa hiyo kuwa na chako nako kuna sababu.

Programu za sasa ni nzuri, zinatunza risiti, hata mimi natumia. Ila msimamo wangu ni huu: kutuma, kupokea na kuangalia salio vibaki kwenye nyota na reli. Mbwembwe nyingine ndo ziende kwenye programu. Tukifunga njia ya zamani kwa kuwa sisi tumenunua simu janja, atakayekwama ni mzazi kule Endulen, na ada anayotuma ni ya kwetu sisi.

Naomba kuwasilisha. Wabishi karibuni!