Karma, Neno la Wachapakazi

Nimefundisha sarufi miaka mingi. Katika "mhunzi anafua jembe," jembe ni yambwa. Panini, mwanasarufi mkuu wa Kisanskriti wa India ya kale, aliiita yambwa karma: kile ambacho mtenda anakitaka zaidi kwa tendo lake.

Leo wengi wetu tunalijua neno hilo kwa maana ya malipo ya matendo. Lakini shina lake ni kutenda tu, na katika Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, lilitaja hasa tendo la ibada. Kutokana nalo yakapatikana majina ya wafanyakazi. Karmakara ni kibarua, mtu wa ujira. Vuta irabu ya tatu, useme karmakaara, na umepata mtenda kazi, hasa mhunzi. Huko Bengal, Karmakar hadi leo ni jina la ukoo wa wafua vyuma na masonara.

Kibarua huyo ana haki zake: mafundisho ya Buddha kwa kijana Sigala yanamwagiza tajiri ampe kibarua kazi inayolingana na nguvu zake, chakula na ujira, amuuguze akiugua, na ampumzishe kwa wakati wake. Tunaotaja karma kila siku tuanzie hapo: mlipe aliyekufanyia kazi.