Taar, Mlingoti na Seva ya Pili

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia mwaka 1991 na wakimbizi wakamiminika Liboi, kisha Dadaab, simu haikuwa kitu cha kutegemewa Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Kilichotegemewa ni taar: redio ya masafa mafupi, betri, waya wa antena, na opereta aliyejua nani anakaa wapi. Mtu wa Dadaab alipomtaka nduguye aliyeko Eastleigh, Nairobi, opereta wa huku alimwita mwenzake wa kule, naye akatuma kijana amtafute mhusika. Asipopatikana, ujumbe ulibaki kwa opereta mpaka apatikane. Mawakala wa hawala, watuma fedha kwa kuaminiana, nao walipitishia huko habari za nani ametumiwa fedha na kiasi gani. Serikali ya Kenya ilizitilia shaka redio hizo na kuna nyakati ilizipiga marufuku kambini. Hata hivyo ilikuwa kazi kuzimaliza, kwani hazikuwa na makao makuu ya kufungwa.

Miaka hiyohiyo, Nairobi, baruapepe ilikuwa ikiingia Kenya kwa mtindo usiotofautiana sana na huo. Shirika la mazingira la ELCI lilitumia FidoNet, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984: barua zilirundikwa kwenye kompyuta, simu ikipigwa zikaondoka zote kwa mkupuo. Madaktari walikuwa na HealthNet ya shirika la SatelLife, iliyotegemea setilaiti ndogo iliyopita juu ya kituo cha ardhini mara chache tu kwa siku. Intaneti kamili ilifika mwaka 1995 kupitia kituo cha ARCC, na wengi wakasahau kwamba barua iliwahi kusubiri.

Barua yenyewe haijaacha kusubiri. Kanuni za kupeleka baruapepe, SMTP, alizoandika Jon Postel mwaka 1982, pamoja na marekebisho yaliyofuata, zinaitaka seva ya mtumaji iiweke barua kwenye foleni na kujaribu tena seva ya mpokeaji isipojibu. Muda unaopendekezwa kabla ya kukata tamaa ni siku 4 hadi 5. Mwaka 1986 zikaja rekodi za MX: jina moja la mtandao huorodhesha seva kadhaa, kila moja na namba yake, na yenye namba ndogo hubishiwa hodi kwanza. Wauzaji wa seva huwa hawaanzi na habari hii. Ukiwasikiliza, utadhani umeme ukikatika nusu saa biashara imekufa.

Hatari kubwa iko kwingine: kila kitu kupita mlango mmoja. Tarehe 7 Novemba 2001 Marekani ilizuia mali za Al-Barakaat, kampuni ya Kisomali iliyounganisha hawala, simu na intaneti chini ya paa moja. Mwezi huohuo, familia zikakosa fedha na intaneti ya Mogadishu ikanyamaza. Upande wa Kenya, tangu katikati ya miaka ya 2010, wanamgambo wa Al-Shabaab wamelipua milingoti mingi ya simu Mandera, Wajir na Garissa, na mafundi wakaogopa kurudi kuitengeneza. Wakazi wa mpakani walipata njia yao: laini ya kampuni ya Hormuud ya Somalia mfukoni, pembeni ya ile ya Safaricom.

Hadado, magharibi mwa mji wa Wajir, hesabu ya mlango mmoja ni ileile. Mfanyabiashara anayesubiri jibu la zabuni ya kaunti hana sababu ya kuweka seva ya baruapepe dukani, penye vumbi, joto na umeme wa wasiwasi. Afadhali seva ndogo ya kukodi Nairobi, nakala ya masanduku ya barua kila usiku kwenye seva ya kampuni nyingine nje ya nchi, na rekodi za jina la mtandao zinazoweza kuelekezwa upya kwa dakika chache, zikitunzwa mbali na seva zote mbili. Seva ya pili ya kupokea barua tu, iliyopendwa sana zamani, siku hizi huwa na kero yake: watuma taka huikimbilia wakijua ulinzi wake ni hafifu.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikasuasua. Seva ya Nairobi ingesaidia barua za Garissa na Wajir siku hiyo, maana mitandao ya humu nchini hubadilishana data kwenye kituo cha KIXP bila kuvuka bahari. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, inampa mwenye duka njia ya angani kwa bei ambayo vyombo vya setilaiti vya zamani havikuwahi kuikaribia. Kabla ya kununua chochote amuulize fundi swali moja la bure: laini zake mbili, za kampuni mbili tofauti, zinaning'inia kwenye milingoti mingapi? Kampuni za simu nchini hukodishiana milingoti, na huenda jibu likawa mmoja.