Majina Yaliyopelekwa Angani

Nilipokuwa Utete, Rufiji, nikikusanya msamiati wa uvuvi wa mtoni, mwalimu mmoja aliniuliza swali lisilohusu samaki: je, majina ya wale mbwa wa Warusi waliorushwa angani yana maana, na kama yanayo, yafaa tuyafasiri?

Maana yanayo, tena za nyumbani kabisa. Laika, aliyerushwa tarehe 3 Novemba 1957 na kufia huko huko, ni “mwenye kubweka”. Belka na Strelka, waliorudi salama mwezi Agosti 1960, ni “kindi” na “kishale”. Zvezdochka wa Machi 1961 ni “kinyota”. Hapa ndipo mfasiri anapokwama. Kiambishi cha Kirusi kinachodogosha jina aghalabu huonyesha pia mapenzi, kama mzazi amwitavyo mwanawe. Ki- yetu hudogosha, lakini mara nyingi hudunisha vile vile: kijitu, kijibwa. Kwa maoni yangu ni heri majina hayo yabaki yalivyo, na maana zake zielezwe pembeni.

Hata hivyo, neno la Kiswahili nalo limefika huko juu. Tarehe 12 Desemba 1970 Wamarekani walirusha chombo cha kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Kilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliani lililo baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala, na chombo kikaitwa Uhuru. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake, nacho kilifanya kazi hadi mwaka 1973. Hata leo wanafalaki huandika herufi U katika majina ya nyota nyingi kilizozigundua.

Neno lenyewe halikuzaliwa na siasa. Shina lake ni huru, lenye asili ya Kiarabu, na katika pwani yetu huru alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa. Kwa watu wa Rufiji maana hiyo haikuwa ya kamusini tu. Mkataba wa Juni 1873 ulipozuia kusafirisha watumwa kwa bahari, misafara ya Kilwa iligeukia nchi kavu, ikavuka bonde la Rufiji kuelekea kaskazini, mpaka Sultani Barghash alipoipiga marufuku mwaka 1876.

Mwalimu aliniuliza kama wanafalaki hao wanajua U yao imetoka wapi. Sikuwa na jibu. Niliporudi ofisini niliongeza jina la chombo katika kadi ya neno uhuru, nikaliweka chini ya maana ile ya kwanza.