Sarafu ya Mambrui Ni Bei Gani?
Mtu akiokota sarafu kuukuu ufuoni huku kwetu, swali la kwanza ni moja: itatoka ngapi? Mimi humwambia aangalie tundu kwanza. Mwaka 2010, wanaakiolojia wa Kenya na China walichimbua Mambrui, kaskazini mwa Malindi, sarafu ya shaba yenye tundu la mraba: Yongle Tongbao, ya mfalme wa China aliyetawala 1402 hadi 1424. Sokoni sarafu hizo ni rahisi tu, maana zilitengenezwa nyingi mno. Thamani ya hii ni pale ilipolala, kwenye udongo wa Mambrui. Ukiing'oa ukaiuza kimyakimya, umeuza shaba. Hadithi yetu imepotea bure. Usiisugue. Piga picha, weka alama mahali, waite Makumbusho ya Taifa.