Sista Ward na mtoto wa rangi mbili

Siku moja ya kiangazi cha mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, jimbo la Essex nchini Uingereza, madaktari walikuwa wakipita wodini kuwaona watoto njiti. Sista Jean Ward, msimamizi wa wodi hiyo, akawafunulia mtoto mmoja. Mwili wote ulikuwa umepauka, isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu iliyokolea manjano. Daktari akamuuliza kama amempaka iodini. Hapana, alijibu, nadhani ni jua. Sehemu ile ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Kwingine kote manjano yalikuwa yamefifia.

Sista huyu aliamini kwamba hewa safi na jua vinamfaa mtoto kuliko joto la kufungiwa ndani, kwa hiyo alizoea kuwatoa njiti wake uani. Madaktari walimsikiliza, wakaendelea na shughuli zao. Wiki kadhaa baadaye kichupa cha damu ya mtoto mwenye manjano kikasahauliwa dirishani, juani. Kilipopimwa, bilirubini, yaani rangi ya manjano iliyomo damuni, ilikuwa pungufu mno kuliko ilivyotarajiwa. Hapo ndipo Dk. Richard Cremer na wenzake wa maabara, Perryman na Richards, walipozinduka. Wakatundika taa za tyubu za bluu juu ya kitanda cha mtoto, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Jina la Ward halimo kati ya waandishi watatu wa ripoti hiyo. Kwa maoni yangu, lilistahili kutangulia.

Bilirubini ni rangi inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto mchanga, hasa njiti, bado ni dhaifu kuiondoa, na ikizidi huingia kwenye ubongo. Anayepona anaweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Mwanga wa bluu hupenya ngozi na kuibadili umbo bilirubini, nayo ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini liichakate kwanza. Kabla ya hapo, tegemeo la mtoto aliyezidiwa lilikuwa kubadilishwa damu, kazi ya hatari.

Marekani ilisitasita kuikubali tiba hii ya mwanga kwa miaka 10, hadi Jerold Lucey wa Vermont alipochapisha jaribio lake mwaka 1968. Leo taa hizo zimo katika wodi za watoto wachanga duniani kote, na mtoto hulazwa chini yake akiwa uchi, macho yamefunikwa. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Lagos, Nigeria, walionyesha kuwa hata jua lenyewe linafaa, lakini likichujwa kwa plastiki maalumu inayozuia miale hatari, na mtoto akiwa chini ya uangalizi wa wauguzi.

Huku kwetu mama bado huambiwa, “Mwoteshe jua la asubuhi, manjano yataisha.” Manjano mengi huisha yenyewe, ndiyo maana ushauri huo unaonekana kufanya kazi. Lakini mtoto akiwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au rangi ikifika viganjani na kwenye nyayo, au akilegea na kukataa kunyonya, usingoje jua lichomoze. Mpeleke hospitali akapimwe damu siku hiyo hiyo.